Sura yako kwenye tangazo la mtu, nani karuhusu?

Kuna lawama moja imezoeleka sana huku Mbeya, ukikaa kijiweni Kabwe au Soweto haipiti siku hujaisikia: simu inatusikiliza. Mtu asubuhi kaongea na mwenzake pale sokoni Mwanjelwa habari za miche ya parachichi, mchana anafungua Facebook anakutana na tangazo la miche ya parachichi, tena ya aina ya Hass, tena ya Tukuyu hapo hapo. Basi imeisha hiyo, ushahidi umepatikana, kijiwe kizima kinatikisa kichwa.

Mi naona lawama hiyo inawasaidia wenye kampuni kuliko inavyotusaidia sisi, maana wakiulizwa wanakana kwa raha kabisa. Aprili 2018 Mark Zuckerberg, mkubwa wa Facebook, aliitwa mbele ya maseneta wa Marekani, seneta Gary Peters akamuuliza swali hilo hilo, Facebook inatumia maiki ya simu kusikiliza watu ili iwaletee matangazo? Akajibu hapana, wakaendelea na mengine. Swali lilikuwa bovu, maana kusikiliza maneno ya watu wote masaa yote ni kazi kubwa na ghali, na ya nini wakati vitu tunavyowapa wenyewe kwa hiari yetu vinatosha na kubaki? Yule mwenzako wa Mwanjelwa alishatafuta miche kwenye simu yake wiki iliyopita, mpo mji mmoja, umri unakaribiana, peji mnazofuata zinafanana, mvua zinakaribia, na muuza miche kachagua tangazo lake lionekane Mbeya nzima. Halafu kuna hili la kibinadamu, matangazo mia uliyoyapita siku hiyo yasiyokuhusu hata huyakumbuki, lile moja lililogonga ndio unalipeleka kijiweni.

Sasa tuingie kwenye mambo yenyewe. Tukisema hizi kampuni zinatumia profaili zetu kwenye matangazo huwa tunasema mambo matatu kwa mkupuo, ndio maana hata ukilalamika huelewi unamlalamikia nani. Kuna profaili yako kutumika kuchagua wewe uonyeshwe tangazo gani. Kuna jina lako na sura yako kugeuzwa kuwa tangazo lenyewe, wanaonyeshwa watu wako. Alafu kuna mhuni tu kachukua picha yako kafungulia peji ya kutapeli. Yote matatu yanakera ila mwenye kosa sio mmoja, na dawa yake sio moja. Mi la pili ndilo linaloniuma, na nitalikalia muda mrefu kidogo, ila hulielewi kama hujaelewa la kwanza.

Chukua kijana ana kitalu cha miche Tukuyu, anataka kuuza kabla mvua hazijakolea. Anaposti picha ya miche, anaamua kuisponsa, yaani kuilipia Facebook iionyeshe kwa watu wengi, elfu ishirini kwa siku nne tuseme. Hapo anaulizwa maswali: unataka waone watu wa wapi, anajibu Mbeya mjini na kilomita kadhaa kuzunguka, anaongeza Njombe. Umri gani, anaweka 28 mpaka 60. Wanaopenda nini, anachagua kilimo, bustani, biashara ndogo. Analipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, au kama hana anamlipa yule dogo wa mjini anayesponsia watu kwa kamisheni, basi. Hapewi majina. Hili watu wengi hawakubali lakini ndivyo ilivyo, hapewi karatasi imeandikwa mama fulani wa Uyole na kaka fulani wa Igawilo wataona tangazo lako. Majina anabaki nayo Facebook, na akili yake yote ipo hapo, maana siku akiyauza hayo majina mnunuzi hatarudi tena kesho. Anachouza ni nafasi ya kukufikia, na anaiuza upya kila siku, kwa kila mtu, mwaka mzima.

Na inauzwa kwa mnada. We umekaa stendi ya Nane Nane unasubiri gari ya Tukuyu lijae, unafungua simu, kabla kidole hakijashuka chini mashine imeshaitisha wote wanaomtaka mtu kama wewe: muuza miche, mwenye duka la vitenge, kampuni ya kubeti, chuo kinachotafuta wanafunzi. Sio kwamba mwenye hela nyingi ndio anashinda kila mara. Mashine inaangalia dau la kila mmoja, inakisia na uwezekano wa wewe kubonyeza, inapima pia kama tangazo litakukera au litakupendeza, inajumlisha, mshindi anawekwa mbele yako, na yote hayo yameisha kabla hujapepesa macho. Kwa hiyo kazi ya profaili yako ni kukisia. Jinsi wanavyokukisia vizuri ndivyo nafasi yako inavyopanda bei. Mwaka 2024 Meta, ambayo ndio wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, waliingiza dola bilioni 164.5, na katika hizo bilioni 160 na kitu zilitoka kwenye matangazo. Ukiambiwa ni bure ujue hiyo hela ilitoka kwa kina kijana wa kitalu, kidogo kidogo, dunia nzima.

Hiyo profaili inajengwa na nini? Vya wazi unavijua, tarehe ya kuzaliwa, shule uliyosoma, umeolewa au bado, mji unaoishi. Vya pili ni unavyofanya bila kufikiri: video gani umeiangalia mpaka mwisho, wapi ulisimamisha kidole, peji gani umelike, kila alfajiri unawashia simu wapi na Jumapili upo wapi. Hivyo vina thamani kuliko ulivyojaza mwenyewe, maana kwenye kujaza fomu watu tunadanganya, kwenye kuangalia video hatudanganyi.

Vya tatu ndio watu hawavijui, vinaletwa na watu wengine. Duka limekuandikia risiti limechukua namba yako ya simu. Hoteli uliyolala Iringa pale Miyomboni ilikuandikisha kwenye kitabu. Chuo ulichoulizia tu ada kwa meseji. Wote hao wana orodha ya namba, na Facebook inamruhusu mwenye biashara apakie orodha yake, namba zinafichwa kwa hesabu fulani kabla ya kulinganishwa na namba ambazo watu wamejisajilia, zinazolingana anapata kundi la kuwapelekea tangazo. Halafu anaweza kusema nitafutie wengine wanaofanana na hawa. We hukuwa hata na habari na hilo duka ila unafanana na mteja wake, ushaingia. Na tovuti nyingi zimewekewa kijidude kisichoonekana kinachoipigia Facebook au Google ripoti kwamba fulani kapita hapa, kaangalia kiatu, hajanunua. Ndio maana kiatu kinakufuata wiki mbili kila uendako kama deni la Vikoba.

Na wakati mwingine mlango ni ule ulioambiwa ni wa usalama. Mwaka 2018 ilibainika kuwa namba za simu watu walizoipa Facebook ili kulinda akaunti zao zisiibiwe, zile za kutumiwa namba ya siri ya kuingilia, zilikuwa zinatumika pia kulengea matangazo, na Facebook wenyewe walikubali. Twitter nao wakapigwa faini ya dola milioni 150 huko Marekani Mei 2022 kwa mchezo huo huo. Yaani umempa mtu ufunguo akulindie nyumba, kumbe kautumia kuonyesha wapangaji! Hapo mimi naona hata ile hoja yao ya ulikubali masharti haisimami, nilikubali nini, mlisema ni ulinzi.

Na ule mkasa wa Machi 2018 wa Cambridge Analytica, kampuni ya kampeni za siasa iliyopata taarifa za watu wa Facebook kupitia apu, wengi tunaukumbuka kwa sababu ya siasa, wakubwa wa kampuni hiyo walirekodiwa kwa siri wakijisifia hata kazi walizofanya kwenye chaguzi za Kenya, lakini mi kilichonishtua ni hesabu yake. Waliojaza ile apu ya maswali ya kujipima tabia walikuwa kama 270,000. Profaili zilizochukuliwa Facebook walikisia zinafika milioni 87. Hao wengine wote hawakujaza chochote, kosa lao kuwa na rafiki aliyejaza. Mwaka uliofuata Facebook wakalimwa dola bilioni 5 na mamlaka ya biashara ya Marekani. Kwa hiyo mtu akikwambia mimi sina cha kuficha, muulize na rafiki zako wote je.

Haya, sasa hili la pili.

Novemba 2007 Facebook walileta kitu kinaitwa Beacon, wakaanza na kampuni washirika 44. Ukinunua kitu kwenye tovuti ya mshirika, Facebook inawatangazia marafiki zako. Kuna mwanaume mmoja Marekani alinunua pete ya almasi mtandaoni, anataka kumshtukiza mkewe sikukuu, kumbe taarifa imeruka mpaka kwa rafiki zake wote, na mkewe akiwemo, na punguzo alilopata likaonekana. Mshangao umekufa kabla ya sikukuu, na mke anauliza pete ya nani. Zuckerberg aliomba radhi Desemba hiyo hiyo, watu wakaenda mahakamani, kesi ikamalizwa kwa dola milioni 9.5, na Beacon ikazimwa 2009.

Ungedhani wameacha. Julai 2009 kuna mume mwingine huko huko alionyeshwa tangazo la kutafuta wachumba, eti warembo wanakusubiri, picha iliyowekwa ni ya mke wake wa ndoa. Hiyo haikuwa Facebook yenyewe, ni apu ya mtu wa pembeni iliyokuwa imepewa ruhusa ya kugusa picha, ila kwa mwenye ndoa hiyo tofauti inasaidia nini.

Januari 2011 wakarudi na Sponsored Stories. Ukilike kitu, au ukiandika upo mgahawa fulani, mwenye mgahawa analipa, na like yako inatolewa tena kwa marafiki zako kama tangazo, jina lako juu na picha yako ya profaili pembeni. Hukulipwa, hukuulizwa, na hapakuwa na pa kuzima kabisa. Watu wa California wakafungua kesi mwaka huo huo, maana sheria ya jimbo lao inasema ukitumia jina au sura ya mtu kutangaza biashara bila ridhaa yake unamlipa, na kiwango cha chini ni dola 750. Kesi ikaisha 2013 kwa Facebook kukubali kutoa dola milioni 20, na walioomba fidia, watu kama 614,000, wakapata dola 15 kila mmoja. Toka 750 mpaka 15, mahesabu ya wanasheria hayo. Aprili 2014 Sponsored Stories ikafungwa.

Google nao hawakukaa nyuma, toka Novemba 11, 2013 wakaruhusu jina, picha na maoni ya mtu mwenye miaka 18 kwenda juu vitokee kwenye matangazo, ukisifia duka basi sifa yako inapambia tangazo la duka. Kuna watu walikasirika wakabadilisha picha zao za profaili wakaweka sura ya Eric Schmidt, mkubwa wa Google wakati ule, ili kama ni kutangaza atangaze yeye. Hiyo niliipenda. Instagram walijaribu kuandika masharti ya namna hiyo Desemba 2012, kelele zikawa kubwa, ndani ya siku chache mwanzilishi wao Kevin Systrom akarudi kusema maneno hayo tunayatoa.

Kwa nini wanang'ang'ania hivyo na kila wakijaribu wanachomwa? Kwa sababu inauza kuliko kitu kingine chochote. Zuckerberg mwenyewe alishasema hakuna kinachomshawishi mtu kama pendekezo la rafiki anayemwamini, na maneno yake hayo yakaja kutumika dhidi yake kwenye ile kesi ya California, maana kama jina la rafiki lina thamani kiasi hicho, basi ulichochukua ni mali ya mtu. Kesi ilidai tangazo lenye jina la rafiki lina thamani mara mbili mpaka tatu ya tangazo la kawaida.

Sasa lete huku kwetu. Nyanda za juu kusini mtu hanunui mbegu ya viazi kwa bango. Ananunua kwa sababu shemeji yake wa Makete alipanda ikakubali. Hakopi kwa sababu ya redio, anakopa kwa sababu mama mdogo kakopa na hajanyang'anywa makochi. Kila kitu kikubwa tunauliza kwanza, nani kashakitumia? Kwa hiyo kampuni ikiweka jina lako chini ya tangazo imejibu hilo swali kwa niaba yako, na kwa watu ambao ungejibu tofauti kama wangekupigia simu.

Na usidhani yaliisha 2014. Ile namna ya zamani imefungwa, ila angalia tangazo la peji yoyote kwenye Facebook leo, mara nyingi utakuta maandishi madogo, fulani na wengine kadhaa wanapenda hii. Huyo fulani ni binamu yako. Kila anayelike peji anaweza akatumika hivyo, na hapa ndipo kuna mtego ambao watu wengi hawaujui. Miaka kadhaa nyuma ulilike peji ya vichekesho, au ile ya like na ushee ujishindie simu. Umesahau kabisa. Mwenye peji kakusanya watu laki moja, kaiuza peji, mnunuzi kabadilisha jina, sasa hivi inaitwa mikopo chap chap au mganga wa mvuto wa biashara, na like yako imo ndani vilevile. Baba yako mkubwa Mafinga anaona tangazo la mkopo, chini limeandikwa jina lako. Atasema si huyu mtoto wetu aliyesoma, kama yeye anawapenda basi hawa ni watu. We upo zako Mbeya hujui chochote, unakuja kushtuka anakupigia kuuliza mbona hawa watu wako wamenikata hela ya fomu na mkopo hauji.

Peji yenyewe inaweza ikakuonyesha historia yake. Fungua peji, nenda palipoandikwa kuhusu, kuna sehemu ya uwazi wa peji, pale utaona ilifunguliwa lini na imebadilishwa jina mara ngapi kutoka nini kwenda nini. Ukiona ilianza kama mashabiki wa mpira leo ni taasisi ya mikopo, toa like yako hata kama hukumbuki uliiweka lini. Na jina lako kukaa pembeni ya matangazo linazimika: ingia mipangilio, tafuta mapendeleo ya matangazo, ndani yake kuna mpangilio wa matangazo, humo kuna kipengele cha mwingiliano wako wa kijamii, kinakuuliza nani aone ulichofanya pembeni ya tangazo. Chagua mimi tu. Ni dakika mbili, na wamekichimbia mbali makusudi, mi sina namna nyingine ya kuelezea kwa nini kitu kidogo hivyo kipo chini kiasi hicho.

Ila sio kampuni za Marekani peke yake, na hapa ndio tunaanza kukwepana macho. Saluni ya Mwanjelwa, dada kasuka rasta za mteja zimependeza balaa, kampiga picha, mteja kacheka kwenye picha, akaiposti. Mpaka hapo hakuna neno, mteja mwenyewe kaomba atagiwe. Wiki inayofuata dada kaisponsa ile picha, Mbeya, Iringa na Njombe, wanawake miaka 18 hadi 45, kaandika juu yake rasta za kisasa elfu thelathini tu, karibuni warembo. Mama mkwe wa yule mteja yupo Iringa, Kihesa, hana hata muda wa Facebook ila binti yake mdogo kamwonyesha. Jioni simu inapigwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi siku hizi ndio umekuwa tangazo? Na elfu thelathini ya kichwa, kweli?"

Hajui hata pa kuanzia. Elfu thelathini yenyewe hakulipa, alisukwa kwa punguzo. Kacheka kwenye picha ya wenzake wa saluni, sio picha ya mikoa mitatu. Dada wa saluni nae ukimuuliza anashangaa kweli kweli, si ulikubali kupigwa picha? Alikubali kupigwa picha. Kuposti ni jambo la pili, na kusponsa ni la tatu, kila moja linataka ruhusa yake. Kampuni kubwa na saluni ndogo wanakosea hapo hapo, wanachukua ndio uliyoitoa kwa jambo dogo wanaitumia kwa kubwa.

Wenzetu Kenya wameshaanza kulipishana. Desemba 2022 ofisi yao ya ulinzi wa data iliitoza Oppo Kenya shilingi milioni 5 za kwao kwa kutumia picha ya mtu kwenye Instagram bila ridhaa yake. Septemba 2023 klabu moja ya starehe Nairobi ikatozwa milioni 1.85 kwa kuposti picha ya mteja aliyekuja kunywa, na shule moja milioni 4.55 kwa kuposti picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Ile ya klabu naomba wenye baa zetu waisome mara mbili. Na Nigeria wao walikwenda kwa mkubwa mwenyewe, Julai 2024 wakaipiga Meta faini ya dola milioni 220 kwa mambo ya taarifa za watu na ushindani.

Kwetu sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake Rais Samia aliizindua Aprili 3, 2024. Kabla ya hapo tulikuwa tunategemea Ibara ya 16 ya Katiba, ile ya faragha, ambayo ni nzuri lakini kwenda nayo mahakamani kwa picha ya rasta ungeonekana una muda mwingi. Hii sheria mpya inataka mtu anayekusanya taarifa zako aseme anakusanya za nini, azitumie kwa hilo alilosema, na inakupa haki ya kumwambia mfanyabiashara acha kutumia taarifa zangu kunitangazia biashara. Na mtu akisikia sheria anafikiria makampuni, lakini saluni inayokusanya namba na picha za wateja, shule binafsi inayoweka sura za watoto kwenye mabango ya kuandikisha wapya, kanisa, bodaboda saccos, wote wanashika taarifa za watu.

Ugumu upo kwa hao wa mbali. Ulaya walipobanwa na sheria zao, Novemba 2023 Meta waliwaambia basi chagueni, mkubali matangazo ya kulengwa au mlipe, ilianzia euro 9.99 kwa mwezi. Yaani hapo tuliona faragha ya mtu imebandikwa bei kama soda. Sisi hatujapewa hata hilo chaguo, na sijui kama ningelitaka, kwa hela hiyo mtu ananunua bando la mwezi na chenji inabaki. Ila linaonyesha kitu kimoja, kwamba wakilazimishwa wanaweza, na kule ambako hawajalazimishwa wanaendelea na mazoea. Januari 2022 waliwahi kuondoa wenyewe chaguo za kulenga watu kwa dini, ugonjwa au siasa zao, dunia nzima, baada ya kelele za miaka. Kwa hiyo kelele sio bure.

La tatu, la wahuni, nalipitia tu maana mnalijua. Picha yako imechukuliwa, peji imefunguliwa kwa jina lako au jina la mtu maarufu, anauza magari ya mnada au anaomba hela itumwe kwenye namba hii. Hapo profaili haijatumika na mfumo wa matangazo, imeibwa, japo siku hizi hawa nao wanasponsa, na kampuni inapokea hela yao kama ya mtu mwingine yeyote, jambo ambalo mi naona ni aibu. Ripoti peji kama mtu anayejifanya wewe, waombe na ndugu kama kumi hivi waripoti, waambie watu wako kwenye stetasi ya WhatsApp wasitume hela, na kama kuna aliyeshatuma nenda polisi na namba ya muamala.

Turudi kwa yule mteja wa saluni maana wapo wengi wa hivyo. Aanze kwa kuongea, dada wa saluni wengi ni watu waelewa, amtumie meseji sio kupiga, aseme picha yangu naomba uitoe kwenye tangazo na kwenye peji. Meseji ina tarehe. Apige skrinshoti ya tangazo lenyewe likionekana limedhaminiwa, jina la peji lionekane, na bei ile elfu thelathini ionekane. Matangazo yanayoendelea ya Facebook yanatafutika kwenye maktaba yao ya matangazo, hata asiyefuata peji anaweza kuyaona humo kwa kuandika jina la peji, kwa hiyo akiambiwa tumeshatoa aende akaangalie. Wakikataa au wakimblock, hizo meseji na skrinshoti ndio anapeleka Tume, malalamiko yanaandikwa kwa Kiswahili cha kawaida tu: mimi ni nani, picha yangu imetumiwa na nani, niliruhusu nini, sikuruhusu nini, niliomba itolewe lini.

Na dada wa saluni nae biashara yake isife. Anaweza kuzipiga picha rasta kwa nyuma, sura isionekane, zinaonekana vizuri zaidi hata. Au amwambie mteja wazi, nataka kuisponsa hii mikoa mitatu, nakusukia bure mara ijayo, unakubali? Wapo watakaokubali mbio mbio, tena watauliza mbona Songwe umeiacha.